Ng'ombe wa Tatu wa Antena

Shabunda, 14 Aprili 2024

Mama mukubwa Godelive,

Nakusalimia kwa mikono miwili, vile ulitufundisha. Mimi niko muzima. Huku mvua haikatike, mihogo inaoza mbele ya kukauka, na surua imeingia katika vijiji vya ng'ambo ya mto. Mwenzangu Bruno alipanda ndege ya chanjo kwenda Bukavu kuoa na hajarudi, kwa hiyo niko munganga peke yangu kwenye kituo cha afya. Usiogope, nakula.

Sasa neno lenyewe. Leo tena nyuma ya misa nilikaa kwenye kibaraza cha misioni, tableti ya padri mbele yangu, kitunga changu magotini, na sura zenu hazikutokea. Jumapili iliyopita vilevile, na ile ya mbele yake. Nilingoja mpaka padri akazima jenereta.

Huku hakuna hata nguzo moja ya simu, wewe unajua. Tuko na satelite ya misioni tu, na katelefone kako ka tochi hakawezi kuongea nayo. Kwa watu wengine ni kuvumilia. Lakini Joviale, tangu ile homa ya utoto hasikie, na shule ilimukataa, hajue kusoma. Lugha yake ni mikono, na mikono yake tuliielewa kweli watu watatu: papa, mama, na mimi. Papa na mama leo wako picha kwenye ukuta wako. Dada yangu asiponiona nikichezesha vidole kwenye kioo cha tableti yenu, kwake mimi siko.

Na tulikuwa katikati ya kusuka vitunga vyetu. Unatuonaka kila Jumapili: ananionyesha mustari wake, namuonyesha wangu unaopinda kwa sababu nakaza kamba kama nafunga mbuzi, anacheka mpaka anashika tumbo, ananiamuru nifumue. Ni nini imetokea? Ni umeme? Barua hii namupa Papa Raphaël, yule wa mawese, anapanda kwenu na mitungi yake.

Mutoto wako,
Venant


Bagira, 5 Mei 2024

Venant, papa yangu,

Bwana asifiwe kwa kuwa ungali unakula. Barua yako ilifika na harufu ya mawese, nusu ya salamu imekunywa mafuta, lakini nilisoma yote. Hapa mvua imekula kipande cha njia chini ya nyumba yetu, mabasi madogo yanashushia watu kwenye kona sasa. Merveille wa jirani alibatizwa, nilimushonea kanzu na hawajanilipa hata na soda. Kiuno changu kiko pale pale. Ukimuona huyo Bruno aliyeoa, muambie ndoa haikatazi mutu kurudi kazini.

Juu ya internet, usijali. Antena ilipigwa na radi. Mafundi walisema watakuja, na wewe unajua mafundi. Joviale iko, anakula, anasuka. Kila Jumapili anapanguza kioo cha tableti na kanga yangu, anakaa mbele yake. Namuambia kwa mikono: ngoja. Hilo neno ninalijua.

Shughulika na surua yako. Na nasema mapema, mbele haujafikiri: usifikiri njia ya kuja huku.

Mama yako mukubwa,
Godelive


Shabunda, 2 Juni 2024

Mama mukubwa,

Amani ya nyumba yako iwe nyingi kuliko mvua yenu. Bruno hajarudi bado. Tulizika watoto juma hili, sitakuambia wangapi. Chanjo ziliisha, zingine zinangoja ndege.

Mama yangu, wewe ulifundisha shule miaka mingi, na ulitupigaka fimbo kwa uongo. Papa Raphaël hajue kudanganya, ndiyo maana mawese yake yanamuletea hasara. Nilimuuliza: antena ya mama mukubwa imeungua kiasi gani? Akaniambia: antena iko juu ya mabati, inang'aa, kunguru amekaa juu yake. Radi gani hiyo inapiga chuma na kumuachia kunguru manyoya?

Sitaki kugombana nawe kwa karatasi. Unajua sababu ya kunificha, basi nifiche. Lakini Joviale asingoje bure. Mufanyabiashara mumoja ameleta mashine ya kutoa picha hapa sokoni. Niliazima koti la mwalimu, veste yake ya Jumapili, nikasimama wima, nikatengeneza uso wa heshima. Nimeitoa kubwa, nikamulipa seremala akaizungushia kadri ya mbao. Papa Raphaël ataileta imefungwa kwenye blanketi. Mupe Joviale mikononi, aone kaka yake iko muzima na amenona.

Venant


Bagira, 23 Juni 2024

Venant,

Salamu kwanza, ugomvi nyuma. Tuko. Sambaza imekuwa nyingi ziwani, hata maskini anakula samaki mwezi huu. Watoto wale uliozika niliwataja kwenye misa.

Haya, kunguru amenishitaki. Sikia basi.

Kontra, mukataba wa antena, tulifunga ya miaka miwili. Bei iliandikwa, muhuri ukagongwa, nikapewa na kalamu ya zawadi. Tulikuwa nyumba tatu kwa laini moja: mimi, Papa Marcellin wa juu, Maman Noëlla wa chini, kebo inapita juu ya migomba, kila mutu analeta sehemu yake. Mwaka haujaisha, bei ikapanda. Walileta karatasi ya rangi, familia imechorwa inacheka meno yote: eti ni kwa kutuhudumia vizuri zaidi. Noëlla akatoka, akahamia Uvira kwa binti yake. Marcellin na mimi tukajifunga mukanda. Nyuma ya Krismasi bei ikapanda tena. Marcellin akakata kebo yake bila hata kubisha mulango, na nilipopitwa na mwezi wa kulipa, wao wakakata yangu.

Nikashuka mujini kwenye gishe yao, lile dirisha la kulipia. Kijana wa pale alikuwa mupole, mupole mpaka nikakasirika. Nikamuuliza: Mutoto wangu, wewe ni Mushi, wa kabila letu? Akasema ndiyo mama. Nikasema: Baba mukwe akikubali ng'ombe wawili, ng'ombe wakatolewa, pombe ikanywewa, padri akafunga ndoa, bibi iko jikoni na mimba, je, muzee anaweza kurudi kusema sasa ni ng'ombe watatu? Mustari wote ukacheka. Yeye pia alicheka. Kisha akafungua kontra, akaweka kidole kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: bei inaweza kubadilishwa. Nikasema, sawa, basi nirudishe bibi. Akasema: Mama, ukivunja mbele ya muda, utalipa miezi yote iliyobaki. Yaani bibi arudi kwao na ng'ombe wabaki kule kule!

Niliondoka pale nacheka pamoja nao. Nilipofika nyuma ya soko nililia kama mutoto.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungetuma mushahara wote na kubaki na njaa, ama ungefunga muzigo uje. Basi umejua, tulia.

Picha imefika. Ni nzuri sana, umefanana na papa yako. Joviale aliipokea kwa mikono miwili. Ameitundika yeye mwenyewe.

Nimemeza aibu, nimemuomba Papa Marcellin telefone yake kubwa. Jumapili za Julai, nyuma ya misa, kaa mbele ya tableti.

Godelive


Shabunda, 14 Julai 2024

Mama mukubwa, nisamehe, salamu zitakuja chini.

Nilimuona. Ilikuwa muda wa kumeza mate tu. Kichwa chake ni kipara. Nani amekufa?

Usiniambie ni chawa, usiniambie ni joto. Kwetu mwanamuke ananyoa nywele zote kwa sababu moja. Nilivuta sikio, jina langu kwake tangu tuko wadogo kwa ajili ya haya masikio yangu makubwa. Hakunijibu. Alinitazama vile mutu anatazama ukuta. Kisha sura yake ikaganda, sijue kama yangu kule iliganda pia, na giza. Nilibaki navuta sikio mbele ya tableti nyeusi mpaka padri akanishika mukono.

Ni wewe unaumwa? Ni nani? Umeandika kurasa mbili za ng'ombe na hukuniandikia kichwa cha dada yangu! Nimekasirika, mama mukubwa, na nina woga, nimekosea sindano ya mutoto leo mara mbili. Kama jibu lako halina ukweli wote, nafunga kituo, nafuata Papa Raphaël kwa miguu.

Salamu kwako, na kwa kiuno chako.

Venant


Bagira, 4 Agosti 2024

Venant, mutoto wa dada yangu,

Nakusalimia na machozi, sina zingine.

Hakuna aliyekufa. Wewe ndiye umekufa.

Kumbuka matanga ya papa yako. Alikuwa munganga kama wewe. Watu wa bunduki walimukamata kwenye njia ile ile ya Shabunda awatibie wenzao wa porini, na hakurudi, na maiti hatukuona. Tulingoja tu. Mwishoni mutu akatoka msituni na habari. Kwa kuwa hatukuwa na mwili, tulitoa picha yake, kubwa, na veste, na kadri ya mbao, tukaiweka kwenye kiti pahali pa jeneza. Joviale alikaa mbele ya kiti kile mpaka matanga ikaisha. Mama yako alipokufa, picha tena. Venant, katika nyumba hii hakuna picha ya mutu anayepumua. Na mimi muzee mujinga niliifungua ile blanketi mbele yake bila kufikiri.

Jiweke kwake. Kaka hatokei tena Jumapili. Anangoja, anaambiwa ngoja. Kisha mutu wa msitu anabisha hodi, anatoa picha yako, veste, uso wa heshima, kadri ya mbao.

Alinitazama. Akavuta sikio, jina lako. Akafunga macho, akaweka kiganja chini, vile alifanyaka kwa papa yenu. Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikauma: hapana, hapana! Lakini hata msiba wa papa yenu niliukataa hivyo hivyo, alinionaka. Akaniegemeza kwenye kifua chake, akanipapasa mugongo. Yeye ndiye alinifariji mimi. Kisha akachukua nyundo, akakutundika karibu na mama yako. Asubuhi nilimukuta na wembe.

Telefone ya Marcellin ndiyo ilimaliza. Uso wako ulikuja, ukaganda. Uso usiotikisika, kwake ni picha nyingine tu. Nikafikiri nikuombe ujichukue video, unapunga mukono. Lakini ya papa yenu tungali nayo, kila siku ya wafu tunaiangalia, anacheka mule, anafukuza mbuzi. Joviale anajua vizuri wafu wanachekaka.

Hakule. Anakunywa uji kidogo nikilia mbele yake. Hasuki. Kitunga chake kiko chini ya kitanda, mustari umeachwa katikati. Nilibeba mashine yangu ya kushona mpaka sokoni, nikairudisha bila kuiuza, na jasho langu. Nikiuza nitalipa waliyoandika kwa sasa, na wakiongeza tena nitauza nini? Kitanda? Nilipiga magoti pale gishe, ndiyo, mbele ya watu, mimi mwalimu. Yule kijana aliniinua, akasema mama, mimi siweki bei. Na ni kweli, haweki yeye. Sikupata hata mutu wa kumukasirikia.

Sijue nifanye je, Venant. Sijue kabisa.

Lakini usije. Munganga hapiti kule, munganga anabakizwa. Raphaël wanamuacha kwa sababu anawapa mawese. Ukija, hii picha itakuwa ya kweli.

Godelive


Shabunda, 25 Agosti 2024

Mama mukubwa,

Mungu akushike. Surua imepungua. Bruno amerudi na bibi yake kwa ndege ya mwisho ya chanjo, msichana muzuri, anaogopa vyura.

Muzigo nilikuwa nimeufunga. Nimeufungua, kwa sababu ya neno lako la mwisho. Nililala juu ya mukeka siku nzima kama mugonjwa, Bruno akafanya kazi yangu.

Toa kile kitunga chini ya kitanda, na kamba zilizobaki. Mupe Papa Raphaël. Usimueleze Joviale kitu. Mikono yako, nakupenda sana, inasema uongo bila kutaka.

Venant


Bagira, 8 Septemba 2024

Venant,

Tuko, kwa neema.

Hiki hapa. Alinikuta nikikivuta chini ya kitanda. Nilifikiri atanipokonya. Alikitazama, akatazama picha yako, akaleta kitambaa cheupe, akakifunga yeye mwenyewe vizuri, vile tulimufungiaka mama yako kitunga chake tukakiweka naye kaburini. Anaamini nakupelekea huko. Niliacha aamini, ulisema nisieleze.

Fanya mbio. Mukono wake sasa nauzungusha na vidole viwili. Padri wa paroasi alikuja kumupaka mafuta ya wagonjwa, Joviale alidhani ni wewe wanakupaka kwa kupitia kwake, akakubali.

Sosiete, wale wenye antena, wametuma karatasi nyingine ya rangi, ile familia ingali inacheka. Bei mpya kuanzia Oktoba, kwa laini ambayo wao wenyewe wameikata. Ng'ombe wa tatu huyo. Nimewashia nayo makaa.

Godelive


Shabunda, 22 Septemba 2024

Mama mukubwa, salamu fupi, Raphaël anaondoka.

Nimesuka mistari miwili, nimekaza vile ninakazaka. Nimeongeza kamba ya kijani ya serumu, maji ya dripu, kutoka kituoni, ya kwake iliisha. Mupe bila kitambaa.

Venant


Bagira, 27 Oktoba 2024

Venant, papa, papa yangu,

Nakusalimia wewe, Bruno, bibi ya Bruno, vyura, na padri na jenereta yake.

Raphaël alichelewa. Walimuzuia njiani, mawese yote walikunywa, akangoja huko mpaka mvua ikatulia. Mwezi mzima sikulala. Nilimuambia Bikira Maria maneno ambayo nitayaungama. Alipotokea kwenye kona, mikono mitupu, nilimukimbilia bila viatu. Kumbe kitunga alikivaa kichwani kama kofia, barua yako ndani.

Joviale alikuwa amelala kwenye mukeka, ameelekea ukuta. Nilikiweka kwenye tumbo lake, nikarudi nyuma. Hakufungua macho. Mukono ukaanza kutembea wenyewe. Ulipita kwenye mistari yake, laini, sawasawa, ukafika juu, pale ukuta wa kitunga unapopinda kama mulevi. Ukasimama. Ukarudi chini, ukapanda tena, taratibu, ukafika pale pale. Akavuta kile kitunga puani. Akakaa. Akaona ile kamba ya kijani, ambayo katika nyumba hii haijawahi kuwa.

Alitoa sauti. Nimemulea, nazijua sauti zake zote, hii sikuijua. Majirani walitoka. Akavuta sikio, akanitazama, akavuta sikio tena, na mimi nikavuta langu, nikavuta mpaka likaniuma, ndiyo, ndiyo, ndiyo! Akanipiga begani na ngumi, mara nyingi. Nilimuacha anipige.

Kisha unajua alifanya nini? Alikaa kwenye kizingiti akafumua mistari yako yote miwili. Nilipiga kelele, nikamushika mukono, nikasema acha, mutoto, hiyo ndiyo dawa! Akanisukuma. Alifumua, akasuka upya kwa kamba yako ile ile, midomo imekazwa, anatikisa kichwa kwa hasira vile alikufanyiaka kwenye tableti. Katikati ya mustari wa pili akaweka mukono mudomoni: chakula. Nilipika ugali nikilia ndani ya sufuria, haukuhitaji chumvi.

Picha yako ameitoa ukutani. Alinipa nitie sandukuni, kisha akarudi akang'oa hata musumari.

Sitakudanganya tena, ulikatazwa uongo na mimi mwenyewe. Bado ni mukonde sana. Nywele zinarudi polepole. Na kila Raphaël akichelewa anaacha kula tena, nitafanya nini, njia hiyo si mimi nimeitengeneza. Antena iko juu ya mabati, kunguru ndiye ana kontra sasa. Wanasema wataniita kwa wakili. Waniite, nitaenda na wale ng'ombe.

Kitunga kinarudi kwako na Raphaël. Amesuka mistari mitatu, wa nne ameanza akakuachia katikati. Suka yako, ukirudishe haraka. Na wewe, papa, nakupigia magoti kwa jambo moja: usijifunze kusuka vizuri.

Mama yako mukubwa,
Godelive